Deni la Limerick: uchambuzi wa kisa cha William de Braose na familia yake

Kabla ya kuanza

Maandishi ya namna hii kwa kawaida huficha majina ya wahusika. Hapa sikuona haja. Wamekufa miaka mia nane iliyopita, na habari zao zimo kwenye kumbukumbu za hazina ya Uingereza, kwenye waraka wa mfalme mwenyewe na kwenye kumbukumbu za matukio zilizoandikwa na watawa. Kisa ni cha baroni, yaani bwana mkubwa wa ardhi, aliyekuwa kipenzi cha Mfalme John, akapewa kila alichotamani, kisha akaangamizwa kwa deni ambalo kwa miaka kadhaa hakuna aliyemsumbua alilipe.

Wengi wanaokisimulia hukimaliza kwa kumlaumu mkewe: mdomo uliponza kichwa. Mimi naona lawama hiyo imewekwa mahali pasipo pake, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu ni kueleza kwa nini.

Usuli: ukoo uliokua kwa ndoa na kwa damu

Akina de Braose walitoka Briouze huko Normandi. Baada ya William Mshindi kuiteka Uingereza mwaka 1066, walipewa Bramber katika jimbo la Sussex, pwani ya kusini, pamoja na bandari ya Shoreham. Lakini ukubwa wao ulikuja baadaye, na ulikuja kwa ndoa. Baba yake William wa kisa hiki alimwoa Bertha, binti wa bwana wa Hereford. Ndugu wa kiume wa Bertha wakafa mmoja baada ya mwingine bila kuacha mrithi, na mali yao ikagawanywa kwa dada zao. Fungu la Bertha lilikuwa Brecon na Abergavenny, upande wa Welisi.

Huko mpakani hali ilikuwa tofauti na Uingereza penyewe. Bwana wa mpakani alipigana vita vyake bila kuomba ruhusa, alijenga ngome alipotaka, na mahakama yake ndiyo iliyosikiliza kesi za watu wake. Mtu aliyelelewa katika mazingira hayo huzoea kuwa yeye ndiye serikali.

William aliingia katika historia kwa kitendo kibaya. Mwaka 1175 aliwaalika wakuu wa Wawelisi wa Gwent kwenye ngome ya Abergavenny, akiwemo Seisyll ap Dyfnwal. Walikwenda kama wageni na wakauawa kama kuku. Sababu iliyotolewa ilikuwa kisasi cha mjomba wake, Henry wa Hereford. Watu wa William hawakuishia hapo. Walikwenda hadi nyumbani kwa Seisyll wakamuua mwanawe mdogo. Wawelisi hawakulisahau tukio hilo, nasi tuliweke akilini, kwa sababu mtu huyuhuyu baadaye atalalamika kwamba mfalme hakufuata haki.

Mkewe alikuwa Maud wa St Valery, na hakuwa mwanamke wa kukaa ndani. Mwaka 1198 Gwenwynwyn, mtawala wa Powys, alipoizingira ngome ya Painscastle, Maud ndiye aliyeongoza ulinzi hadi jeshi la msaada likafika. Wenyeji waliendelea kuiita ngome hiyo kwa jina lake, na katika ngano za Wawelisi akageuka kuwa jitu la kike lililojenga ngome ya Hay kwa usiku mmoja, likibeba mawe kwenye aproni. Mwandishi mmoja wa zama hizo anasimulia alivyojigamba kuwa ana maelfu ya ng'ombe wa maziwa, na jibini nyingi kiasi kwamba watu mia waliozingirwa ngomeni wangeweza kuwarushia maadui jibini hizo kwa mwezi mzima.

Watoto walikuwa wengi na walipangwa vizuri. William mdogo alioa katika ukoo wa de Clare. Giles akawa Askofu wa Hereford mwaka 1200. Margaret aliolewa na Walter de Lacy, bwana wa Meath huko Ireland. Loretta aliolewa na bwana wa Leicester, mmoja wa makabaila wakubwa kabisa nchini. Annora akaenda kwa akina Mortimer. Reginald, mtoto wa kiume mwingine, tutamwona mbele.

Kupanda: zawadi zenye bei

Mfalme Richard alipofariki mwaka 1199, walioweza kukaa kwenye kiti walikuwa wawili. Mmoja ni John, ndugu yake. Wa pili ni Arthur wa Brittany, mtoto wa kaka yao Geoffrey aliyekwisha kufa. William alikuwa pamoja na Richard huko Châlus, Ufaransa, mfalme alipojeruhiwa, na akasimama upande wa John. Alichagua aliyeshinda, na malipo hayakuchelewa.

Mwaka 1201 alipewa milki ya Limerick, Ireland, kwa ahadi ya marki 5,000. Marki haikuwa sarafu bali kipimo cha hesabu, theluthi mbili ya pauni, kwa hiyo tunazungumzia pauni 3,300 na zaidi. Fedha hizo zilikuwa nje kabisa ya uwezo wa baroni wa kawaida. Mwaka 1203 akapata Gower, na mwaka 1205 ngome tatu za Grosmont, Skenfrith na White Castle.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana bila kuelewa deni hili kisa kizima hakieleweki. Katika Uingereza ya wakati ule, baroni aliyetaka ardhi, ulezi wa yatima tajiri, au hata kuoa mjane fulani, aliahidi kiasi cha fedha kwa mfalme. Ahadi iliandikwa. Kila mwaka hazina ilisoma orodha ya wadaiwa, na deni lisilolipwa likahamishiwa orodha ya mwaka unaofuata. Mfalme akitaka, deni lilipunguzwa, likasamehewa, au likaachwa lilale. Akitaka, lilidaiwa lote kesho yake. Karibu kila kabaila nchini alikuwa na deni la namna hii, na vipenzi ndio waliodaiwa zaidi, kwa sababu ndio waliopewa zaidi. Kulipa taratibu, au kutolipa kabisa, ilikuwa dalili ya kupendwa.

Kufikia mwaka 1207, katika marki 5,000 za Limerick, William alikuwa amelipa marki 700 tu.

Siri ya Rouen

Tarehe 1 Agosti 1202, huko Mirebeau, John aliwashtukiza maadui zake na kumteka mpwa wake Arthur, kijana wa miaka kumi na mitano. Aliyemtia mkononi alikuwa William de Braose. Arthur akafungwa Falaise, kisha Rouen, na baada ya Pasaka ya mwaka 1203 hakuonekana tena.

Watawa wa Margam, nyumba ya Welisi ya kusini iliyokuwa karibu na himaya ya akina de Braose, ndio walioandika habari zenye maelezo mengi zaidi: kwamba John, akiwa amelewa baada ya chakula, alimuua kijana kwa mkono wake na mwili ukafungwa jiwe zito na kutupwa katika mto Seine. Ni rahisi kukisia walizipata kwa nani. William alikuwa karibu na mfalme siku zile, na hata kama hakushuhudia, alijua. Basi kuanzia 1203 mfalme alikuwa na mtu mwenye deni kubwa kwake, na mtu huyohuyo alikuwa na neno moja linaloweza kumfedhehesha mfalme mbele ya Ulaya yote.

Mfuatano wa matukio, 1207 hadi 1211

Kibao kiligeuka taratibu. Mwaka 1207 hazina ilianza kulikumbuka deni. Machi 1208 Papa alifunga makanisa ya Uingereza kwa sababu John alimkataa Askofu Mkuu wa Canterbury, Stephen Langton. John, akihofia kwamba Papa atawafungua mabaroni kiapo chao cha utii, akatuma watu kudai watoto wao wawe rehani. Wajumbe wakafika kwa akina de Braose.

Mwandishi Roger wa Wendover anaeleza kwamba Maud alimtangulia mumewe kujibu. Hatawatoa wanawe, alisema, kwa mfalme aliyemuua vibaya mpwa wake Arthur, ambaye alipaswa kumtunza kwa heshima. William alimkemea palepale, akawaambia wajumbe kuwa kama amemkosea mfalme yuko tayari kujibu mbele ya mahakama na mabaroni wenzake, bila kutoa rehani. Wajumbe wakarudi na maneno yote mawili.

Kilichofuata tunakijua zaidi kwa maelezo ya John mwenyewe, kwa hiyo kisomwe kwa tahadhari. Kwa mujibu wake, William alikabidhi ngome za Hay, Brecon na Radnor kuwa dhamana ya deni, kisha akasubiri wakuu wa ngome hizo wameondoka kwenda kuchukua mishahara, akazishambulia zote tatu. Akashindwa. Kwa hasira akauchoma mji wa Leominster. Baada ya hapo hapakuwa na mazungumzo ya kawaida tena. Familia ikavuka kwenda Ireland.

William Marshal, kabaila mwenye ardhi huko Ireland, aliwakaribisha Wicklow siku ishirini, kisha wakaenda kwa mkwe wao Walter de Lacy. Juni 1210 John alishuka Ireland na jeshi kubwa. Muda mfupi kabla hajavuka, William alimfuata Welisi akaahidi marki 40,000. John akamjibu kwa kejeli kwamba mwenye mamlaka katika nyumba ile ni mke, na yuko ng'ambo. William aandamane na mfalme hadi Ireland, wayamalize huko. William akakataa kupanda merikebu. Akina de Lacy walikimbia, ngome ya Carrickfergus ikaanguka, na Maud pamoja na mwanawe William wakakamatwa Galloway, Uskoti, walikokimbilia, wakarudishwa kwa mfalme.

Sasa bei ilikuwa marki 50,000. Ulipofika wakati wa malipo ya kwanza, Maud alisema alichonacho ni marki 24 za fedha, sarafu 24 za dhahabu za Bizanti, na wakia 15 za dhahabu. Mumewe akatoroka kwa siri akiwa amevaa kama ombaomba, akapandia meli Shoreham, bandari ya ukoo wake mwenyewe, akaenda Ufaransa. John akamtangaza kuwa mtu asiye na ulinzi wa sheria.

Maud na mwanawe walifungiwa ngomeni. Waandishi wengine wanataja Corfe, wengine Windsor. Walikufa kwa njaa. Mwandishi asiyejulikana jina, aliyekuwa katika utumishi wa bwana wa Béthune, anasema walitupiwa mganda wa nafaka na kipande cha nyama mbichi ya nguruwe, na siku ya kumi na moja mama akakutwa amekufa, ameketi kati ya miguu ya mwanawe, na mashavu ya mwana yakiwa na alama za meno. Huenda hiyo sehemu ya mwisho imetiwa chumvi. Kufa kwa njaa hakukupingwa na yeyote.

William alifariki Corbeil karibu na Paris, Agosti 1211, na akazikwa katika abasia ya St Victor. Stephen Langton, askofu mkuu aliyekuwa uhamishoni, ndiye aliyemzika.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni ule wa 1201, kukubali Limerick kwa bei asiyoweza kuilipa. Haukuwa wa kijinga. Kila mtu alifanya hivyo, na kwa miaka sita mbinu hiyo ilimlipa vizuri. Alichokosea ni kufananisha ukimya wa hazina na msamaha. Angeweza kuomba deni lifutwe kwa maandishi wakati bado anapendwa, mara tu baada ya Mirebeau, John alipokuwa na furaha kubwa kuliko siku zote za utawala wake. Hakufanya hivyo. Badala yake aliongeza ngome tatu.

Uamuzi wa pili ni kukataa rehani. Hapa ndipo Maud analaumiwa, nami nauliza: wangeitoa, kisha iweje? Mfalme aliyedai watoto alikwisha kuonyesha kuwa hawaamini, na jambo moja walilolijua kuliko wengine ni yaliyompata kijana wa mwisho wa ukoo wa kifalme aliyekuwa chini ya ulinzi wake. Kwa mama, hilo lilikuwa taarifa, na aliitumia. Kosa lake lilikuwa la namna ya kusema, si la uamuzi. Kabla ya neno lake, mfalme alikuwa na mdaiwa mkaidi. Baada yake, alikuwa na watu waliomtangaza muuaji mbele ya mashahidi. Lakini tusisahau mpangilio wa tarehe: hazina ilikwisha kuamka mwaka 1207, kabla mjumbe hajabisha hodi kwake.

Uamuzi wa tatu ndio ninaouona mbaya kuliko yote, nao ni wa mume peke yake: kuzishambulia ngome alizoziweka dhamana. Mpaka siku ile alikuwa na hoja nzuri, kuhukumiwa na wenzake. Mabaroni wengi wangemwelewa. Alipochoma Leominster, hoja hiyo ikaungua nayo. Nadhani alirudia tabia ya Abergavenny: mtu wa mpakani akibanwa hupiga kwanza.

Na John? Deni lilimpa njia ya kumwangamiza mtu bila kumfungulia mashtaka. Katika waraka alioutoa kujieleza, uliothibitishwa na makabaila kadhaa, alisisitiza kwamba amefuata desturi ya nchi na sheria ya hazina. Kwa barua ya sheria alikuwa na haki. Hilo ndilo lililowatisha wengine.

Matokeo kwa familia

Wajukuu wanne, watoto wa William mdogo, walibaki kifungoni hadi mwaka 1218, miaka miwili baada ya John kufa. Annora, aliyefungwa pia na baadaye kuachiwa, alimaliza maisha yake kama mtawa wa kujifungia Iffley karibu na Oxford. Loretta, aliyekuwa mjane tangu 1204, alifanya hivyohivyo Hackington, nje ya Canterbury, akawasaidia watawa Wafransisko wa kwanza waliofika Uingereza. Aliishi muda mrefu ajabu: mwaka 1265 Mfalme Henry III, mwana wa John, alituma watu kwenye chumba chake wamuulize juu ya haki za cheo walichokuwa nacho mabwana wa Leicester.

Reginald alirudisha ardhi kwa mkono wenye nguvu na kwa ndoa: alimwoa Gwladus, binti wa Llywelyn Mkuu wa Welisi ya kaskazini. Mwanawe, William, ambaye Wawelisi walimwita Gwilym Ddu, alitekwa na Llywelyn mwaka 1228, akakaa kwake, na wakakubaliana kuwa binti yake Isabella aolewe na Dafydd, mwana wa Llywelyn. Pasaka ya 1230 alikutwa chumbani na mke wa Llywelyn, Joan, ambaye alikuwa binti wa Mfalme John wa nje ya ndoa. Akanyongwa hadharani tarehe 2 Mei. Llywelyn akamwandikia mjane kuuliza kama bado anataka harusi ile iendelee. Ikaendelea. Gwilym hakuacha mtoto wa kiume. Binti wanne waligawana Brecon, Abergavenny na mengineyo, na ardhi ikahamia koo nyingine kwa njia ileile iliyokuwa imeileta kwa akina de Braose.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa ni kutawanya watoto. Baba aliyekuwa na mwana kanisani, mabinti katika koo tatu kubwa na mwana mwingine aliyeweza kuoa kwa Wawelisi hakuweza kufutwa kabisa, hata na mfalme aliyedhamiria. Mtandao huo ulishindwa kumwokoa yeye, kwa kuwa wakwe waliothubutu kumficha nao walipoteza ardhi, lakini uliwaokoa waliobaki.

Kwa upande wa mfalme, ushindi ulimgharimu. Aliuthibitisha kwa waraka, na waraka hausomwi na watu wasio na wasiwasi. Kila baroni aliyekuwa na deni hazinani aliusoma akijihesabu. Mwaka 1215 walimlazimisha kukubali Magna Carta, hati iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme. Wanaohusisha kisa hiki na hati ile hukimbilia ibara ya 39, inayosema mtu huru asikamatwe wala kuharibiwa ila kwa hukumu ya wenzake. Ni kweli inafanana sana na jibu la William kwa wajumbe. Hata hivyo naona ibara zilizo karibu zaidi na jeraha lenyewe ni zile zisizonukuliwa: ya 9, kwamba ardhi ya mdaiwa isichukuliwe ikiwa mali yake nyingine inatosha kulipa deni, na ya 55, kwamba malipo yote ambayo mfalme aliyatoza isivyo haki yafutwe au yaamuliwe na mabaroni 25 waliowekwa kuisimamia hati hiyo. Ibara ya 39 ingemkinga William dhidi ya panga. Yeye alishambuliwa kwa daftari.

Lakini desturi ilikuwa na mizizi kuliko hati. Oktoba 1215, miezi minne baada ya Magna Carta, Askofu Giles alipatana na mfalme na kurudishiwa ardhi ya baba yake. Alirudishiwa kwa ahadi ya marki 9,000, nayo ikaandikwa deni. Alifariki Novemba.